Kunyoosha Mabamba Yaliyopinda kwenye Boti ya Alumini Uliyoiunda Mwenyewe

Boti ya alumini inapomulikwa na jua la jioni ubavuni, kasoro zake zote hujitokeza: mabamba yameingia ndani kati ya taruma na taruma, yaani mbavu za boti, mithili ya mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Wengi hukimbilia nyundo, na hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu nyundo hutandaza metali, ilhali bamba lililotuna tayari ni refu kuliko nafasi iliyobakizwa na kingo zake zilizosinyaa. Kinachohitajika ni kulifupisha katikati au kuzilegeza kingo.

Chanzo ni joto la kuchomelea. Kwa joto lile lile alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na weldi inapopoa husinyaa na kuvuta bamba. Aloi ya 5083, yaani alumini iliyochanganywa na magnesi, yenye unene wa milimita 4, ambayo hutumika sana kwenye boti ndogo, haina ugumu wa kutosha kuhimili mvuto huo iwapo fundi amechomelea mfululizo kila taruma.

Kabla ya kukata chochote, laza ubao mwembamba mnyoofu juu ya bamba, chora kwa chaki mipaka ya kila uvimbe, kisha bonyeza kwa kiganja. Bamba likibonyea na kurudi kwa mlio, halina mkazo wa kutosha, na mawimbi yatalichosha hadi lipasuke kando ya weldi. Hilo ni tatizo la usalama, si la sura. Likiwa limeinama kidogo lakini halitikisiki, mimi ningeliacha lilivyo.

Anza kwa kulegeza. Katika ujenzi mzuri wa boti za aina hii, bamba hushikwa zaidi na mihimili ya urefu, na taruma huishikilia mihimili hiyo bila kugusa bamba. Ikiwa umechomelea taruma moja kwa moja kwenye bamba, kata weldi hizo taratibu kwa grenda yenye diski nyembamba, na uangalie bamba linavyorudi lenyewe. Mara nyingi hatua hii peke yake humaliza sehemu kubwa ya kazi. Pale ambapo mchoro wa boti unataka kiungo kirudishwe, safisha kwa asetoni na brashi ya chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, kisha chomelea vipande vifupi vya takriban milimita 50, ukiruka kutoka upande mmoja wa mkuku (uti wa chini wa boti) hadi wa pili, na usirudi mahali palipochomelewa kabla hapajapoa kiasi cha kushikika kwa mkono.

Uvimbe ukibaki, tumia joto, baada ya kuondoa tangi la mafuta, nyaya na povu la kuelea lililo nyuma ya bamba. Joto huwekwa upande uliotuna, kwa nukta ndogo zilizoachana. Alumini husambaza joto upesi, hivyo moto uwe mkali na wa muda mfupi, na kitambaa chenye maji kifuate mara moja. Jihadhari hapa kuliko popote: alumini haibadiliki kuwa nyekundu kabla ya kuyeyuka, na 5083 huanza kuyeyuka kwenye takriban nyuzi 580 za Selisiasi. Tumia chaki ya kupimia joto, ambayo huyeyuka bamba linapofikia joto lililoandikwa juu yake, na usivuke nyuzi 350. Piga nukta moja, acha ipoe kabisa, pima kwa ubao, ndipo uamue kuhusu inayofuata, kwani kila nukta hulainisha metali kama weldi inavyofanya.

Bamba pana ambalo bado linalia baada ya hayo linadai mhimili wa ziada. Pitisha bapa la alumini katikati yake kwa ndani, lisukume kwa jeki hadi bamba likae kwenye mstari wake, kisha lichomelee kwa vipande vifupi vinavyopishana pande mbili. Puti ya epoksi ije mwisho, juu ya mstari wa maji tu, na kamwe isifunike bamba linalobonyea, kwa kuwa itapasuka na kuficha ufa unaoanza chini yake.