Mtu wa kazi anapoanza maneno ya mapenzi

Ukibadilishana kadi na mtu katika mkutano wa utalii hapa Unguja, na siku mbili baadaye akakuandikia kupitia LinkedIn kwamba tabasamu lako halimtoki moyoni, mjibu mapema, kwa maneno machache yasiyo na tafsiri ya pili: "Nashukuru kwa kufahamiana. Naomba mazungumzo yetu yabaki ya kazi tu." Usiombe radhi, wala usimzulie mchumba usiyekuwa naye, kwa sababu udhuru wa uongo humpa mwenye tamaa jambo la kujadiliana nawe, ilhali kukataa kwenyewe kunatosha. Najua tumelelewa kusitiri na kutomvunjia mtu heshima, na wengi wetu huishia kujibu kwa emoji za kicheko; naye huzisoma kuwa ni ridhaa.

Akipendekeza muonane Forodhani usiku kuzungumzia zabuni, wewe taja ofisi, saa nne asubuhi, na mwenzako wa kazi awepo.

Akiendelea, hifadhi picha za ujumbe wote pamoja na tarehe zake, kisha mzuie. LinkedIn haimpelekei taarifa mtu uliyemzuia, kwa hiyo usihofie fedheha. Yakigeuka vitisho, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inatumika Zanzibar pia, inakataza katika kifungu cha 23 kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua, na picha hizo ndizo utakazozipeleka polisi.