Kuchagua baiskeli mpya ya saiklokrosi ukiwa Tabora

Saiklokrosi ni mbio za baiskeli zinazopita kwenye matope, nyasi na mchanga. Mtu aliyekwisha kumiliki baiskeli kadhaa ana hazina ambayo mnunuzi wa mara ya kwanza hana, nayo ni kumbukumbu ya mwili wake. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, ichukue ile baiskeli yako iliyokufaa zaidi, upime umbali kutoka siti hadi usukani pamoja na kimo cha siti juu ya pedali, kisha uvilinganishe vipimo hivyo na vya fremu mpya.

Jambo linalostahili kufikiriwa kuliko yote ni upana wa tairi. Katika mashindano ya kimataifa ya mchezo huu tairi haliruhusiwi kuzidi milimita 33, kipimo kinachofaa matope ya Ubelgiji, lakini katika mchanga wa Tabora tairi jembamba huzama. Niliwahi kununua fremu iliyobana, na kila kiangazi nililazimika kushuka na kuisukuma. Hakikisha fremu na uma, yaani sehemu inayoshika gurudumu la mbele, vinapokea tairi la milimita 40 na bado inabaki nafasi ya kupitisha kidole, kwa kuwa wakati wa mvua udongo hunasa hapo hapo.

Chagua breki za diski, zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu badala ya kubana rimu, maana mchanga hula rimu upesi. Za waya ndizo ninazozipendekeza: fundi wa mtaani huzirekebisha kwa zana alizo nazo, ilhali za mafuta zinahitaji vifaa maalumu.

Rangi iwe ya mwisho kuangaliwa.