Simulesheni ya gari la mbio la wanafunzi: anzia kwenye tairi

Timu nyingi za Formula SAE, mashindano ya wanafunzi wanaojibunia gari dogo la mbio, huanza kwa kuchora chasisi. Ushauri wangu ni kuanza na simulesheni, yaani hesabu za mwendo wa gari, maana ndizo zitakazoamua chasisi iwe na upana gani, urefu gani na uzito gani. Programu ya bei kubwa si lazima. Lahajedwali inatosha mwanzoni, kisha utahamia kwenye lugha za programu kama Python au MATLAB.

Hatua ya 1: Soma mgawanyo wa alama

Katika mashindano ya Michigan jumla ni alama 1000, na 675 hutafutwa uwanjani: kukimbia mita 75 moja kwa moja alama 100, kuzunguka duara mbili zilizopangwa kama namba nane 75, autokrosi (mzunguko mmoja wa njia yenye kona nyingi) 125, mbio ndefu ya takriban kilomita 22 alama 275, na ubanaji wa matumizi ya nishati 100. Kila swali utakaloiuliza simulesheni liishie kwenye alama hizi. Ukipunguza uzito wa mikono ya sasipensheni (vyuma vinavyounganisha gurudumu na chasisi) na mmoja ukavunjika katikati ya mbio ndefu, alama za nishati zimekwenda na sehemu kubwa ya zile 275 pia.

Hatua ya 2: Lichukulie gari kama nukta

Katika jaribio la namba nane, duara la ndani lina kipenyo cha mita 15.25 na njia ina upana wa mita 3, hivyo katikati ya njia nusu kipenyo ni mita 9.125. Gari likimaliza mzunguko kwa sekunde 5, kasi yake ni mita 11.5 kwa sekunde. Zidisha kasi kwa kasi, gawa kwa nusu kipenyo: unapata mchapuko wa pembeni wa mita 14.4 kwa sekunde mraba, karibu mara moja na nusu ya nguvu ya uvutano. Hilo ndilo deni ambalo matairi na mabawa yako yanapaswa kulilipa.

Hatua ya 3: Tairi

Hapa tulia. Mambo mengine yote ya gari hupitia kwenye vipande vinne vidogo vya mpira vinavyogusa lami.

Jiunge na Tyre Test Consortium, ambayo huwapa timu vipimo vilivyofanyika kwenye mashine ya Calspan, Buffalo. Chora nguvu ya pembeni dhidi ya pembe ya kuteleza (tofauti kati ya gurudumu linakoelekea na linakokwenda) kwa kila mzigo, kisha tafuta fomula ya Pacejka, mlinganyo unaoeleza tabia ya tairi, inayopita kwenye nukta hizo. Mashine ile ina mkanda wenye uso kama msasa, kwa hiyo mshiko wake ni mkubwa kuliko wa lami. Timu nyingi huzidisha matokeo kwa 0.6 hadi 0.7. Anza hapo, utasahihisha ukishaendesha gari.

Jambo la kulishika ni hili: ukiliongezea tairi mzigo mara mbili, mshiko hauongezeki mara mbili. Chukua gari la kilo 280 pamoja na dereva, kitovu cha uzito kikiwa milimita 300 juu ya ardhi na umbali kati ya magurudumu ya kushoto na kulia milimita 1200. Kwenye duara lile, nyutoni 1008 huhama kutoka upande wa ndani kwenda wa nje. Nje kunabaki 2381, ndani 365. Ukikishusha kitovu kwa milimita 30, uhamaji unapungua kwa nyutoni 101. Ndiyo maana kukaa chini kwa injini na dereva kuna thamani kuliko vitu vingi vinavyong'aa.

Hatua ya 4: Magurudumu manne

Sasa gawa uhamaji huo kati ya mbele na nyuma, kulingana na ugumu wa springi na stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala upande kwenye kona). Ukikaza mbele, pua husukumwa nje ya kona. Ukikaza nyuma, mkia ndio huteleza. Tafuta mgawanyo unaofanya ekseli zote mbili zifike ukomo karibu kwa pamoja, ukiiachia mbele itangulie kidogo ili dereva mwanafunzi aliamini gari.

Hatua ya 5: Mzunguko mzima

Kata njia ya autokrosi vipande vya nusu mita. Tafuta kasi ya juu ya kila kona, kisha songa mbele ukichapua na rudi nyuma ukifunga breki. Katika kila kipande chukua kasi ndogo zaidi kati ya hizo tatu. Halafu badilisha kitu kimoja kwa wakati: kilo 10, milimita 20 za kitovu, eneo la mabawa. Panga matokeo kwa alama, na bajeti ifuate mpangilio huo.

Hatua ya 6: Vipimo vya sasipensheni

Kona kali kabisa inaruhusiwa kuwa na kipenyo cha nje cha mita 9. Kwa umbali wa milimita 1550 kati ya ekseli, gurudumu la mbele la ndani linahitaji kukata karibu nyuzi 27. Hakikisha tairodi (fimbo inayogeuza gurudumu) na mikono ya sasipensheni haigusani hapo.

Hatua ya 7: Pima gari lenyewe

Liweke kwenye mizani minne, kisha inua ekseli ya nyuma upate kimo cha kitovu cha uzito. Panga koni za duara uwanjani, rekodi mchapuko wa pembeni, pembe ya usukani na kasi ya kila gurudumu. Simulesheni ikisema mchapuko ni mara 1.4 ya nguvu ya uvutano na kifaa kikisoma 1.2, rekebisha kwanza kizidisho cha mshiko wa tairi. Kisha badilisha stabilaiza ya mbele, urudie duara, na uangalie kama pembe ya usukani imebadilika kuelekea upande ule ule uliotabiriwa.