Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Viwiko vya Bomba la Kupandisha Maji Kigoma

Mji wa Kigoma umejengwa kwenye mteremko unaoshuka hadi Ziwa Tanganyika, kwa hiyo mtu anayetaka kupeleka maji ya ziwa kwenye tangi lililo mlimani hulazimika kuyasukuma juu kwa pampu kupitia bomba lenye kona nyingi. Kila kona ina kiwiko, ambacho mafundi hukiita elbo, na mara nyingi hicho ndicho kifaa kinachonunuliwa kwa haraka kuliko vyote. Vifaa vingi hufika kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, hivyo kosa linalogunduliwa siku ya kuchomelea huweza kusimamisha kazi kwa muda mrefu.

Jambo la kwanza ni kujua presha halisi, na presha hiyo haisomwi kwenye pampu peke yake. Pima tofauti ya kimo kati ya pampu na tangi, ukikumbuka kwamba kila mita 10 za kimo huleta takriban bari 1 (bari ni kipimo cha presha). Tuseme tangi liko mita 120 juu ya pampu: hata maji yakiwa yametulia, kiwiko kilicho karibu na pampu hubeba karibu bari 12. Juu ya hapo kuna pigo la maji. Umeme unapokatika ghafla, maji yaliyokuwa yakipanda husimama, hugeuka na kurudi, kisha huigonga vali ya kuzuia maji kurudi. Katika bomba la chuma, maji yaliyokuwa yakienda mita 1 kwa sekunde yakizuiwa mara moja huweza kuongeza karibu bari 12 nyingine. Kwa sababu hiyo, mradi ambao mtu angeuita wa bari 12 unapaswa kupangwa kwa bari 25, isipokuwa kama umewekewa kifaa cha kupunguza pigo hilo.

Baada ya hapo ndipo hesabu ya unene ianze. Ukuta wa kiwiko hauelemewi sawasawa pande zote. Upande wa ndani wa kona, ule uliojikunja, hupata mkazo mkubwa kuliko bomba lililonyooka. Kwa kiwiko cha kona ndefu, ambacho nusu kipenyo cha mkunjo wake ni mara 1.5 ya ukubwa wa bomba, ongezeko ni kati ya asilimia 25 na 30, na kwa kona fupi hufika asilimia 50 au zaidi. Chukua bomba la inchi 6 lenye kipenyo cha nje cha milimita 168.3, chuma chenye mkazo unaoruhusiwa wa megapaskali 138, na presha ya bari 25. Bomba lililonyooka linahitaji milimita 1.5 tu kwa ajili ya presha, na upande wa ndani wa kiwiko cha kona ndefu unahitaji karibu milimita 2. Tukiongeza milimita 3 za kuliwa na kutu, kisha tukigawanya kwa 0.875 kwa kuwa kiwanda kinaruhusiwa kupungukiwa asilimia 12.5 ya unene uliotajwa, tunapata milimita 5.7. Skeduli 40 (skeduli ni namba ya daraja la unene wa ukuta wa bomba) ya ukubwa huo ina milimita 7.11, kwa hiyo inatosha.

Naomba msomaji aitazame hesabu hiyo kwa makini. Presha yenyewe imechukua milimita 2, na sehemu kubwa ya unene uliobaki ni ya kutu. Anayepunguza unene ili kuokoa fedha kwa kweli anapunguza miaka ya bomba, ingawa siku ya majaribio halitavuja hata tone. Tena, maji yakibeba mchanga, mchanga husaga upande wa nje wa kona, kwa hiyo pande zote mbili zina adui wake.

Viwiko vya kuchomelea vilivyotengenezwa kiwandani kwa kufuata kiwango cha ASME B16.9, cha chama cha wahandisi mitambo wa Marekani, hupewa uwezo sawa na wa bomba lisilo na mshono la ukubwa, unene na chuma kilekile. Dhamana hiyo haihusu kiwiko kilichokatwa vipande na kuunganishwa karakana, wala bomba lililokunjwa kwa moto, kwa kuwa ukunjaji hupunguza unene wa upande wa nje. Soma mhuri: uwe na jina la mtengenezaji, aina ya chuma, ukubwa na skeduli. Kisichokuwa na mhuri mimi sikipokei kwenye bomba la kupandisha maji, hata kikionekana kizito mkononi.

Pima pia kipenyo cha nje. Mabomba ya inchi 6 yanayofuata kiwango cha Ulaya cha EN 10255 yana milimita 165.1, na ukiyaunganisha na kiwiko cha milimita 168.3 kingo hazitakutana vizuri. Unene nao upimwe kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, upande wa ndani, upande wa nje na kwenye ncha zote mbili, kabla mzigo haujapakiwa.

Kwa poliethilini ya PE100, yaani daraja la plastiki ya mabomba, unene hutajwa kwa SDR, ambayo ni kipenyo cha nje kikigawanywa kwa unene wa ukuta: SDR 11 ni ya bari 16 na SDR 17 ni ya bari 10, maji yakiwa na nyuzi 20. Kwa mfano wetu hata SDR 11 isingefaa kuwekwa karibu na pampu bila kukokotoa upya pigo la maji, ambalo kwenye plastiki huwa dogo zaidi.

Mwisho, ikiwa maungio ni ya pete za mpira, yasiyochomelewa na yanayoweza kuachana, andaa zege la kuegemeza kila kona. Kiwiko cha nyuzi 90 cha mfano wetu husukumwa kwa nguvu ya karibu tani 8 kwenye bari 25, na wakati wa kujaribu kwa mara 1.5 ya presha hiyo hufika tani 12. Zege hilo liachwe likomae kabla pampu ya majaribio haijawashwa.