Monita ya gemu: pima kadi kabla ya kununua Hz

Kabla hujashuka Kariakoo kutafuta monita ya Hz 240 (skrini inayobadilisha picha mara 240 kwa sekunde), pima kadi yako ya grafiki, inayochora hizo picha, yaani fremu. Fungua gemu unayoicheza zaidi, zima V-Sync (inayozuia fremu zisizidi Hz za skrini), washa kihesabu fremu kwa sekunde, cheza dakika 20, kisha angalia wastani na pale inaposhuka. Kadi kama RTX 3060 kwenye gemu nzito za 1080p (pikseli 1920×1080) haifikii fremu 240 kwa sekunde. Hz 144 zinaitosha, chenji kanunulie SSD, diski ya kasi. Wa gemu nyepesi kama Valorant ndio wana sababu ya kuiwaza 240.

Ukipanda 1440p (2560×1440), pikseli huongezeka karibu asilimia 78 na fremu hushuka. Chukua monita yenye FreeSync au G-Sync, zinazoifanya skrini ifuate kasi ya kadi, picha isikatike fremu zikiyumba.

Waya ndio unaoponza wengi. HDMI 1.4 kwenye 1080p mara nyingi huishia Hz 120. Tumia DisplayPort, na uchomeke kwenye kadi yenyewe, si kwenye ubao mama. Kisha ingia mipangilio ya skrini ya Windows uchague Hz 144. Mara nyingi huanzia 60, na hapo ndipo watu humlaumu muuzaji bure.

Ya mtumba? Iwashwe palepale dukani: skrini nyeupe nzima kuonyesha pikseli zilizokufa, nyeusi nzima kuonyesha mwanga unaovuja pembeni.