Kutia nakshi kwenye kisu kwa asidi ukiwa nyumbani Lamu

Kama una kisu ulichofuliwa na fundi chuma, kile kisichokunjika, chuma kimoja kimeingia mpaka ndani ya mpini, na unataka kukitia nakshi yako mwenyewe, usikimbilie asidi. Chukua ndimu kwanza. Futa bapa la kisu, minya tone moja karibu na mpini pale pasipoonekana sana, ngoja dakika 15 hivi alafu pangusa. Pakibaki doa la kijivu au jeusi lenye ubuluu basi hicho ni chuma cha kaboni na asidi itakikubali vizuri. Pasipobaki kitu ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, na stenlesi ina njia yake ntakayoieleza huko chini. Sumaku isikudanganye, manake stenlesi nyingi za visu zinanasa sumaku vile vile. Sisi huku tushaujua huu mtihani bila kufundishwa, kila nyumba ina kisu kimoja cha zamani cha kumenyea embe mbichi na bapa lake limekua jeusi kabisa, ule weusi ni asidi ya embe imekula chuma, na kazi yote tunayofanya hapa ni hio hio, tofauti ni kwamba tunachagua wapi iliwe na wapi isiliwe.

Nasisitiza ndimu kwa sababu mimi mwenyewe nishawahi kununua kisu dukani naambiwa ni cha springi ya gari, yaani chuma cha kaboni, nikakaa jioni nzima nachora, nikakitia dawa, yaani asidi, nusu saa, natoa naona kimefifia tu kidogo, kumbe ni stenlesi. Tone moja la ndimu lingeniambia mapema.

Sasa mchoro. Watu wengi wakianza wanatafuta picha kwenye simu, mafuvu, simba, majoka, na mwishowe kisu cha Lamu kinafanana na visu vyote vya dunia. Mi nawaomba mtoke nje muangalie milango. Tuna mji ambao UNESCO waliuweka kwenye urathi wa dunia mwaka 2001 na tunapita mbele ya hizo nakshi kila siku bila kuzitazama. Mnyororo unaozunguka fremu, mawaridi ya kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, zile pembetatu na maduara ya milango ya kibajuni, yote hayo yalichongwa kwa patasi kwenye ubao mrefu mwembamba, na bapa la kisu nalo ni refu jembamba, kwa hivyo mchoro unakaa kama umezaliwa pale. Mjomba wangu ni fundi wa mbao, nilipomuonyesha karatasi yangu ya kwanza akaniambia, "Mwanangu, usianzie kati. Weka mpaka kwanza, mistari miwili, alafu kilicho ndani kitajipanga chenyewe." Nimefuata hilo mpaka leo. Mistari miwili sambamba na mgongo wa kisu, umbali wa milimita 8 hivi, alafu mnyororo ndani yake. Chora kwenye karatasi kwa ukubwa ule ule wa kisu, rudia mpaka mkono uzoee, na usiweke vitu vidogo vidogo sana kwa sababu asidi haili kwenda chini tu, inakula na pembeni, mistari miwili iliyokaribiana sana itakutana na utabaki na doa.

Kusafisha ndo kazi yenyewe, hapa usiharakishe. Piga msasa namba 220, alafu 400, alafu 600, kila mara upande mmoja tu, kutoka kwenye mpini kwenda kwenye ncha, mpaka mikwaruzo ya msasa uliopita iishe. Baadaye osha kwa sabuni ya vyombo, kausha, alafu futa kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, au spiriti. Kuanzia hapo usiguse bapa kwa kidole. Nasema hivi kwa sababu kisu changu cha pili nilikishika mara moja tu, kidole gumba, karibu na ncha, nilikua nakigeuza nikione kwenye mwanga. Nilipokitoa kwenye dawa nikakuta alama ya kidole changu, mistari yake yote, hata kale kakovu kadogo nilikokatwa na kopo utotoni, imekaa pale kwenye chuma kama muhuri. Mafuta ya ngozi ndo yaliyofanya hivyo. Ilibidi nirudi msasa 220 nianze upya. Vaa glavu.

Funga mpini kwa tepu ya umeme, zungusha mpaka pale chuma kinapoanza, na kama ni wa mbao funga mara mbili, kwa sababu dawa ikiingia kati ya mbao na chuma huitoi tena, itakula taratibu humo ndani. Alafu paka rangi ya kucha kwenye bapa lote, pande zote mbili, mgongo, na makali pia. Makali hasa. Ukisahau makali utatoka na kisu chenye meno meno utakachonoa wiki nzima. Paka mkono wa kwanza mwepesi, ukauke, alafu wa pili. Wakati wa upepo wa kusi hewa yetu ina unyevu mwingi, mi huacha usiku kucha, nikiharakisha rangi inabanduka ndani ya dawa vipande vipande. Rangi nyekundu au nyeusi ni bora kuliko ile isiyo na rangi kwa sababu unaona wapi umekosa. Wazee wa Ulaya waliokua wakitia nakshi kwenye mavazi ya chuma ya vita walitumia nta kwa kazi hii hii, na kule Ujerumani, mji wa Augsburg, fundi mmoja wa hio kazi anaitwa Daniel Hopfer ndo anayesifiwa kwa kuitoa kwenye chuma cha vita akaanza kuchapa picha kwenye karatasi, mnamo mwaka 1500. Nta bado inafanya kazi, ila kwa joto letu inalainika mkononi na mstari haukai mkali, kwa hivyo rangi ya kucha.

Ikikauka vizuri hamisha mchoro, penseli laini nyuma ya karatasi inatosha, alafu kwaruza mistari kwa sindano nene uliyoichomeka kwenye kijiti. Usichimbe chuma, unatoa rangi tu. Unataka uone chuma kinang'aa chini ya kila mstari, pakiwa na utando mwembamba wa rangi dawa haitapita. Ukikosea paka tena hapo, ngoja, rudia. Vumbi la rangi liondoe kwa brashi laini, usipulize kwa mdomo, manake mate.

Dawa ninayotumia ni feriki kloridi, ile mafundi wa elektroniki wanayotumia kula shaba kwenye bodi za saketi, utaipata maduka ya vifaa vya elektroniki Mombasa au Nairobi, ya maji au ya chenga. Naipenda kwa sababu inakula chuma kwa utulivu, haifoki. Naomba sana msitumie maji ya betri ya gari wala asidi ya kusafishia vyoo. Ya betri ikikurukia jicho umepotea, na ya choo moshi wake unakaba kifua na pia unatia kutu kila chombo cha chuma kilicho kwenye chumba hicho, hata ambacho hukukigusa. Na usije ukachanganya asidi yoyote na dawa ya kufulia nguo nyeupe, ile inatoa gesi ya klorini.

Pa kufanyia kazi. Hili sijawahi kuona mtu analieleza na kwetu ndo la kwanza. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu chokaa, ukuta chokaa, na asidi inakula chokaa. Hata siki. Dondosha tone la siki sakafuni utaliona linachemka, na ukipangusa pana kishimo. Feriki inaongeza doa la manjano kama kutu ambalo halitoki, si ukutani si kwenye kanzu. Kwa hivyo toka uani au juu darini penye upepo, tandika plastiki, weka beseni la plastiki, na chombo chako kikae ndani ya beseni. Glavu, miwani ya kukinga macho, nguo kuukuu, watoto na paka mbali. Karibu yako weka ndoo ya maji na bakuli lenye baking soda iliyokorogwa na maji, vikombe viwili vya maji kwa vijiko vitatu vinne vya soda.

Kuchanganya, maji yanatangulia, dawa inafuata, taratibu, sehemu 3 za maji kwa sehemu 1 ya dawa ya maji. Kama una chenga hua zinapandisha joto zikigusa maji, tia kidogo kidogo. Chombo kiwe cha plastiki au kioo, kirefu, bapa liingie likiwa limesimama ncha chini. Funga kisu kwa uzi kwenye kijiti ukilaze juu ya mdomo wa chombo, kisu kining'inie kisiguse pande. Dakika 10, toa, suuza, angalia. Utaona masizi meusi kwenye mistari, yaondoe polepole kwa mswaki wa zamani ili dawa ifikie chuma kipya, na ukiona rangi imebanduka mahali kausha upake. Rudisha. Kwa springi ya gari mimi hufanya mizunguko mitatu, nusu saa kwa jumla, na hapo ukipitisha ukucha unausikia mstari. Ukitaka weusi tu bila kina, mzunguko mmoja unatosha.

Ukiridhika tumbukiza bapa kwenye yale maji ya baking soda dakika 5, litatoa povu, likinyamaza dawa imekufa. Suuza kwa maji baridi, na hapa tafadhali maji ya mvua au ya chupa, si ya kisima chenye chumvi, nilisuuza mara moja kwa maji ya kisima chetu na asubuhi nikaamkia kutu ya rangi ya manjano ndani ya kila ua la nakshi. Kausha kwa kitambaa na hewa ya moto ukiwa nayo. Sasa toa rangi yote ya kucha kwa asetoni. Hapo kisu kitaonekana kibaya, kijivu na madoa, usivunjike moyo. Funga msasa namba 1500 kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, tia tone la mafuta, pitisha bapani mara chache tu. Juu panang'aa, na kwa vile mbao haifiki ndani ya mitaro ile mistari inabaki nyeusi. Mnyororo unatokea mbele ya macho yako, pete baada ya pete. Wallahi hata sasa nikifika hapo huita watu wa nyumbani waje waone.

Kwa wenye stenlesi, tumia betri. Betri ya volti 9, nusu kikombe cha siki nyeupe, kijiko kidogo cha chumvi. Andaa kisu vile vile mpaka hatua ya kukwaruza. Waya wa chanya unashika kisu, penye chuma kitupu, waya wa hasi unafungwa kwenye pamba iliyochovywa kwenye ile siki. Gusa mstari kwa pamba sekunde 5, inua, gusa tena, itachemka kidogo na pamba itageuka ya kahawia, badilisha. Waya usiguse kisu, pamba tu. Dakika mbili tatu kwa kila sehemu zinatosha. Kama pamba inatoa povu lakini kisu hakiliki umegeuza nyaya. Fanya nje kwenye upepo kwa sababu chumvi na umeme vinatoa klorini kidogo, na zile pamba na maji yake yana kromi iliyotoka kwenye kisu, usishike bila glavu na usimwage mtaroni, mitaro yetu inaishia baharini pale wanapoogelea watoto.

Feriki haimwagwi, inatumika tena na tena mpaka ilegee. Itie chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko kizuri, andika SUMU kwa herufi kubwa, iweke juu penye kufuli. Isiwe chupa ya soda kamwe, rangi yake inafanana na soda na mtoto hatauliza.

Mwisho noa makali, osha kisu kwa sabuni na maji ya moto kama kitaingia jikoni, kausha, paka mafuta ya nazi kidogo sana, tone moja kwa bapa zima, mitaroni ndo kutu inapopenda kuanzia. Ukimaliza kukata samaki au ndimu osha hapo hapo. Na kama umeshonewa ala ya ngozi nzuri, ya kule Siyu, kisiwani Pate, labda, hio ni ya kubebea tu, usikihifadhi kisu humo ndani, ngozi inashika unyevu na chumvi ya hewa na dawa zake za kulainishia zinakula chuma. Changu kinalala kimezungushiwa kitambaa chenye mafuta kwenye droo, na ala inaning'inia peke yake msumarini.