Namna ya Kuisimulia Upya Ngano ya Zimwi kwa Wasomaji wa Miaka 9 hadi 12

Chagua ngano ambayo tayari ina hofu ndani yake, badala ya kuchukua ngano tamu na kuitia damu. Ngano ya binti aliyesahau kombe lake, yaani ganda la baharini, ufukweni, akarudi peke yake kulichukua, kisha zimwi likamtia ndani ya ngoma ili aimbe katika kila mji linakopita, inafaa sana kwa kazi hii. Isimulie kwanza kwa mdomo, ukijiuliza hofu yake imejificha wapi. Haimo katika meno ya zimwi; imo katika jambo kwamba sauti ya mtoto inamlisha aliyemfunga, na watu wazima wanaoicheza ngoma hiyo hawaulizi ni nani anayeimba.

Hofu hiyo ndiyo utakayoihamishia Tanga ya leo. Binti aache kombe lake Raskazone, maji yakiwa yamekupwa, na zimwi liwe bwana mpole mwenye chumba cha kurekodia nyimbo huko Ngamiani, ambaye huwasalimu watoto kwa “Paukwa!” nao wakaitikia “Pakawa!” kabla hawajafikiri. Ngoma sasa ni simu: wimbo unasikika ndani ya bajaji na kwenye harusi, fedha zinaingia, na mwimbaji haonekani. Najua utatamani kulipeleka zimwi lako katika mapango ya Amboni, lakini popo na giza la mahali pale vimekwisha kuzoeleka katika masimulizi, ilhali chumba chenye zulia safi, feni na mlango usio na kitasa kwa ndani kinatisha zaidi.

Kuhusu kiasi cha giza, msomaji wa umri huu anaweza kustahimili kifo, njaa na usaliti, mradi usimwonyeshe majeraha kwa undani. Onyesha viatu vya mtoto mwingine vilivyobaki mlangoni, kisha endelea. Usiwaige ndugu Grimm, wakusanyaji wa ngano wa Kijerumani, ambao katika chapa yao ya 1812 ya ngano ya Hansel na Gretel waliandika kwamba mama mzazi ndiye aliyetaka watoto wake waachwe msituni, na katika chapa za baadaye wakamgeuza kuwa mama wa kambo, huku tanuri la mchawi likibaki vilevile. Kwa maoni yangu huko si kulainisha hadithi, bali ni kumtwika lawama mtu ambaye wasomaji wako wengi wanaishi naye nyumba moja.

Katika masimulizi ya kale, wazazi huitambua sauti ya binti yao, hulilevya zimwi, humtoa mtoto na kujaza nyuki na siafu ndani ya ngoma. Kisasi hicho kibakize, kwa kuwa watoto hawapendi mwovu asamehewe kwa haraka, ila kazi ya ukombozi mpe binti mwenyewe: abadilishe maneno ya ubeti mmoja, ambayo dada yake pekee ndiye atakayegundua kwamba yanataja mtaa na rangi ya mlango. Siku bwana anapofungua simu yake mbele ya wageni, zisikike sauti za watoto wote aliowahi kuwafungia.

Rasimu ikikamilika, isome kwa sauti mbele ya watoto wachache, wakati wa mchana. Wanapoanza kuchezea madaftari, punguza maelezo. Wanaponyamaza ghafla, usiguse neno. Na mtoto akikuomba uache, weka alama mahali hapo, ujibu maswali yake kwanza, kisha uiandike upya sehemu hiyo kabla ya kuisoma tena.